Juu ya Visu vya Kukunja vya Zamani, na Namna ya Kupima Umri Wake

Katika nyumba nyingi za misheni, na katika masanduku ya wazee waliotumika zamani kama makatekista, wapishi, mabaharia na askari, huonekana visu vidogo vya kukunja vilivyofuliwa Ulaya au Marekani. Watu huvitunza, na tena huvipa sifa: hiki kilikuwa cha padre fulani, hiki kilipatikana katika vita ya 1914. Sifa nyingine ni za kweli. Nyingine zimeota baadaye kama magugu shambani. Na kwa kuwa siku hizi parokia na shule nyingi zinaandika orodha za vitu vyao vya kale, imetupasa kueleza jinsi kisu chenyewe kiwezavyo kutoa ushahidi, na mahali ambapo ushahidi wake wakoma.

Kwanza tupatane juu ya maneno, maana Kiswahili hakikukosa maneno ya visu. Chuma chote kikatacho ni kengee. Ubavu wake mpana ni bapa, ukingo unaokata ni makali, na mwisho wake ni ncha. Sehemu ya chuma iingiayo katika mpini ni msuka, kama tusemavyo msuka wa jembe. Katika kisu cha kukunja msuka hauzami ndani ya mti, bali ni kile kipande kifupi kisichonolewa, kilichotobolewa na kushikwa kwa msumari, ambacho juu yake kengee huzunguka. Neno hili msomaji alishike sana, kwa sababu karibu kila chapa tutakayoitaja imepigwa hapo. Mgongoni mwa mpini mna utepe wa chuma uliofanywa kuwa kamani, kama kamani ya saa, nao hubana msuka ili kengee isifunguke wala kujifunga yenyewe. Kandoni mwa bapa kuna mfuo mdogo wa kutilia ukucha. Mwisho ziko zile bamba mbili za mpini, za mfupa au pembe au mti, na katika ncha za mpini vipande vya madini vya kuuimarisha, ambavyo sisi twaviita vichwa vya mpini, kwa kukosa jina lililozoeleka.

Kisu cha kukunja si kitu kipya. Warumi walikuwa navyo. Lakini kisu chenye kamani mgongoni kilienea Uingereza tangu karne ya 17. Kabla ya hapo kengee ilishikwa kwa kubanwa na mpini tu, na visu vya namna hiyo vingali vyafanywa. Basi kukosa kamani si dalili ya ukale. Waingereza hukiita kisu kidogo cha mfukoni kwa jina lenye neno la kalamu ndani yake, nasi wa Afrika ya Mashariki hatuna haja ya kuambiwa sababu kwa urefu: waandishi wa Pwani waliochonga kalamu za matete kwa hati za Kiarabu walihitaji kisu kidogo chenye makali kando ya wino wao, na makarani wa Ulaya, waliochonga kalamu za manyoya ya bata bukini, walihitaji vilevile. Kalamu za chuma zilipoanza kumiminika kutoka viwanda vya Birmingham katika miaka ya 1820 na baadaye, kazi ile ilikwisha, jina likabaki.

Sasa tuingie katika hoja yenyewe. Iko kanuni moja ambayo tungependa ikaririwe kabla ya kitu kingine chochote. Kisu hakiwezi kuwa cha zamani kuliko kilicho kipya kabisa miongoni mwa sehemu zake za asili. Kanuni ya pili ni ndugu ya kwanza: alama iliyopo huthibitisha, lakini alama isiyokuwapo haithibitishi kitu. Wengi hushika ya kwanza na kuisahau ya pili, ndipo huanza kubuni.

Tutwae mji wa Sheffield, ambao kwa muda mrefu ulikuwa mama wa visu vya Kiingereza. Chama cha wafua visu wa mji ule na wilaya ya Hallamshire, kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624, nacho kiliandika na kulinda chapa za mafundi. Kwa hiyo chapa ya Sheffield ni kama jina la ubatizo: imeandikwa daftarini, ina mwenyewe, na mara nyingine imerithishwa au kuuzwa. Nyumba ya Joseph Rodgers ilipiga nyota pamoja na msalaba wa Malta, chapa iliyoandikwa kwanza mwaka 1682, kabla haijawa mali yao. Nyumba ya George Wostenholm ilipiga I*XL. Ni mchezo wa matamshi: herufi hizo zikisomwa kwa Kiingereza husikika kama mtu asemaye kwamba yeye awashinda wengine wote.

Juu ya chapa ya fundi mara nyingi huonekana taji na herufi mbili. Hizi ni herufi za mfalme. W R ni William wa Nne, aliyetawala 1830 hata 1837. V R ni Victoria, 1837 hata 1901. Hapa kazi ni nyepesi. Lakini G R yaweza kuwa mmoja wa akina George waliotawala hata 1830, au George wa Tano aliyeanza 1910, au George wa Sita aliyekufa 1952. Na E R yaweza kuwa Edward wa Saba, 1901 hata 1910, au Elizabeth, 1952 hata 2022. Basi herufi hizi zahitaji shahidi wa pili. Tena tumwonye msomaji asidhani kwamba kisu chenye V R kilitoka katika nyumba ya Malkia. Wafua visu wengi walipiga herufi hizo kwa kupamba bidhaa zao, na kisu hicho kiliuzwa dukani kwa yeyote mwenye shilingi.

Shahidi wa pili aliye bora ni jina la nchi. Katika karne ya 19 mafundi wengine wa Solingen, mji wa visu wa Ujerumani, walipiga majina ya Kiingereza juu ya bidhaa zao, na watu wa Sheffield wakalalamika kwa nguvu kwamba wanaibiwa sifa. Mwaka 1887 Bunge la Uingereza likatoa sheria ya chapa za bidhaa, kuzuia vitu vya kigeni visiingie vikijifanya vya Kiingereza. Ndivyo maneno MADE IN GERMANY yalivyoenea. Na ajabu yake ni kwamba neno lililowekwa kuwa aibu likageuka baadaye kuwa sifa. Kisha Marekani, kwa sheria ya ushuru ya mwaka 1890, ikaamuru kila kitu kitokacho nje kiandikwe jina la nchi yake kwa Kiingereza. Amri ile ilianza kutumika Machi 1891. Tangu hapo visu vilivyopelekwa Marekani hupigwa ENGLAND au GERMANY.

Kutokana na hayo watu wamefanya kanuni, kwamba kisu chenye ENGLAND ni cha baada ya 1891, na kisicho nalo ni cha kabla. Nusu ya kwanza ni njema, ingawa si mkataa, maana mfua visu aliweza kuandika nchi yake hata bila amri. Nusu ya pili ni mbovu. Sheria ya Marekani ilihusu bidhaa ziendazo Marekani. Kisu kilichouzwa Leeds au Mombasa mwaka 1910 hakikuwa na lazima ya kubeba neno lile. Hapo ndipo kanuni yetu ya pili inapofaa.

Majina mengine ya nchi ni mafupi wa maisha, nayo kwa sababu hiyo ni mashahidi wazuri. CZECHOSLOVAKIA haikuwako kabla ya 1918 wala baada ya 1992. OCCUPIED JAPAN ni kati ya 1945 na 1952, wakati Japani ilipokaliwa na majeshi ya washindi. WEST GERMANY ni kati ya 1949 na 1990. Na GERMANY peke yake yaweza kuwa kabla ya mgawanyiko au baada ya muungano, yaani kisu cha babu au cha mjukuu. Jina la Solingen lenyewe limelindwa kwa sheria tangu 1938, lakini lilipigwa juu ya visu muda mrefu kabla ya hapo. Mapacha wa nyumba ya Henckels waliandikwa katika daftari ya chama cha wafua visu wa mji ule mwaka 1731.

Tarakimu nazo huongea. Kisu cha Kiingereza chenye Rd. No. kina umbo lililosajiliwa katika orodha iliyoanza mwaka 1884. Kabla ya hapo, kuanzia 1842 hata 1883, palitumika alama ya pembe nne kama almasi. Kisu cha Kimarekani chenye namba ya hati ya uvumbuzi izidiyo 1,000,000 ni cha baada ya Agosti 1911, maana ndipo hesabu ilipofika hapo.

Lakini katika mambo yote ya karne ya 20 hakuna lililo wazi kama chuma kisichoshika kutu. Harry Brearley wa Sheffield alikiyeyusha chuma hiki mara ya kwanza Agosti 1913, na wafua visu wakaanza kukitumia mwaka uliofuata, kwanza kwa visu vya mezani. Kwa hiyo maneno STAINLESS, au ROSTFREI kwa Kijerumani, au INOX kwa Kifaransa, yakionekana juu ya kengee, shauri limekwisha. Tuseme mwalimu ameletewa kisu chenye mpini wa mfupa, na mletaji asema kwamba kilikuwa cha mmisionari aliyekufa kwa homa mwaka 1893, kikapita kwa mpishi wake, kikapita kwa mwana wa mpishi. Mwalimu akisugua msuka kwa kitambaa chenye mafuta, aona ROSTFREI. Hapo kisu chasema jambo moja tu, kwamba mkono wa yule mmisionari haukukigusa. Hakisemi kwamba mletaji ni mwongo. Pengine kisu cha kwanza kilipotea na mwana akanunua kingine, na hadithi ikahama pamoja na mfuko. Twaona ni haki mwalimu aandike katika orodha yote mawili, masimulizi yalivyosikiwa na chapa ilivyosomwa, bila kulifuta moja kwa ajili ya jingine. Na yule mzee aambiwe kwa upole, faraghani, si mbele ya darasa. Kukaa kimya kwa kumstahi ni kubaya zaidi, kwa sababu baada ya miaka 30 karatasi iliyobandikwa katika kabati la kioo itakuwa imekwisha kuwa historia.

Kinyume chake hakifuati. Chuma cha kawaida, kile kinachopata weusi au rangi ya samawati kikikata limau au embe bichi, si lazima kiwe cha kale. Visu vya chuma hicho vyauzwa mpya hata leo.

Mfano mwema wa hayo ni kisu cha Opinel, ambacho mapadre wengi wa Kifaransa, wa Savoie hasa, wamekifahamu tangu utoto. Joseph Opinel alianza kukifanya mwaka 1890 katika kijiji cha Albiez-le-Vieux, katika milima ya Savoie: mpini wa mti, kengee, msumari na pete ya kuushika mti usipasuke, kamani hakuna. Mwaka 1897 alivipanga kwa ukubwa, namba 1 hata 12. Mwaka 1909 akachukua chapa yake, mkono wenye taji juu, na vidole vyake vimeinuliwa kwa kubariki. Wasomaji wetu watapenda kujua kwamba mkono huo umetoka katika nembo ya mji wa jirani, Saint-Jean-de-Maurienne, ambao kwa mapokeo yake ya kale huheshimu vidole vya Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Na taji ni ya watawala wa zamani wa Savoie. Basi Opinel asiye na mkono wenye taji, kama msuka na kengee havikuliwa na kinoo, huenda akawa wa kabla ya 1909. Na yule mwenye pete ya pili ya kuzungushwa, ifungayo kengee isikunjike juu ya vidole, hawezi kuwa wa kabla ya 1955, mwaka ambao Marcel Opinel aliibuni. Pete hiyo ilizuia kisu kilichofunguliwa tu. Tangu 2000 imefanywa izuie na kilichokunjwa pia. Kwa hiyo mtu mwenye Opinel mkononi aweza, bila kitabu, kukiweka katika moja ya vyumba vinne vya wakati kwa kukifunga na kukifungua tu.

Wamarekani wamekwenda mbali zaidi. Nyumba ya Case, iliyokaa Bradford katika jimbo la Pennsylvania, ilipiga CASE XX kuanzia 1940 hata 1964, ikaongeza U.S.A. mwaka 1965, na mwaka 1970 ikaweka nukta kumi chini ya chapa. Kila mwaka nukta moja iliondolewa. Nukta saba ni 1973. Nukta moja ni 1979. Mwaka 1980 walianza tena na kumi, ila herufi S sasa imekunjwa kama umeme. Hata namba ya kisu ina maneno: katika 6254, 6 ni bamba za mfupa, 2 ni hesabu ya kengee, na 54 ni umbo lenyewe, 5254 ni kisu kilekile chenye bamba za pembe. Twakiri kwamba tumevutwa na uaminifu wa mfua visu aandikaye umri wa kazi yake waziwazi namna hiyo, ingawa hatudhani alikuwa akiwafikiria watunza makumbusho.

Visu vya askari ni vyepesi kusoma. Kisu cha jeshi la Uingereza hupigwa mshale mpana, alama ya mali ya serikali, na mara nyingi jina la mfuaji na mwaka wenyewe; huwa na kengee pana butu ya ncha, kifungua kopo, na mchokoo wa chuma wa kulegezea mafundo ya kamba. Mshale ukiwa ndani ya C, ni wa Kanada. Ukiwa ndani ya U, ni wa Muungano wa Afrika Kusini, ambao majeshi yake yalipita Kenya katika vita vya 1940 na 1941. Waswisi waliwapa askari wao kisu cha kukunja kwa mtindo wa 1890. Kundi la kwanza lilifuliwa Solingen, kisha Karl Elsener wa Ibach akaanza kupeleka vyake mwaka 1891. Mama yake, Victoria, alipofariki mwaka 1909, alikitwaa jina lake kuwa chapa. Chuma kisichoshika kutu kilipokuja, mwaka 1921, Victoria likaunganishwa na neno la Kifaransa la chuma hicho, likatokea Victorinox. Kwa hiyo jina hili lililo kamili halikupigwa juu ya kisu chochote kabla ya 1921.

Mpini ndio sehemu idanganyayo upesi, maana bamba hubadilishwa. Bamba za asili hukaa sawasawa na vichwa vya mpini, na misumari yake haina mikwaruzo ya nyundo mpya. Mfupa huonyesha vitundu vidogo vyeusi ukiutazama kwa kioo cha kukuzia. Pembe ya ayala ina ganda la mikunjo, na hakuna mbili zilizo sawa. Pembe ya ndovu, katika upande uliokatwa kwa kukingama, ina mistari myembamba ipitanayo kama wavu. Mistari iliyonyoka sambamba tupu, kama kitambaa, ni ya seluloidi, kitu cha viwandani ambacho ndugu wa Hyatt wa Marekani walikipatia hati mwaka 1870. Vichwa vyeupe ving'aavyo mara nyingi si fedha, bali mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki ulioingia katika kazi ya visu baada ya miaka ya 1820.

Juu ya seluloidi tuna maonyo mawili. Yako maandiko yashauriyo kuchoma bamba kwa sindano ya moto ili kujua ni kitu gani. Msifanye. Seluloidi hushika moto kwa ghafula. Tena, inapozeeka, hasa katika joto kama letu, hutoa hewa ya asidi ambayo hula chuma. Kisu kimoja chenye bamba zinazooza, kikifungwa pamoja na vingine katika sanduku lisilopitisha hewa, huviharibu vyote. Kiwekwe peke yake, mahali penye upepo. Wala msipake msasa juu ya msuka kwa kutaka kung'arisha: mafuta kidogo na subira ya siku mbili hufunua chapa, msasa huifuta kabisa.

Na pembe ya ndovu ina jambo lake. Wafua visu wa Sheffield walinunua pembe nyingi mno katika karne ya 19, na London, walikonunua, ilipokea pembe za Zanzibar pamoja na za pande nyingine za Afrika na za Asia. Yawezekana basi kwamba kisu kilichoko mezani pa padre kimerudi karibu na mahali mpini wake ulipotoka, mabegani mwa wapagazi. Lakini tangu Januari 1990 biashara ya pembe za ndovu wa Afrika kati ya nchi na nchi imekatazwa kwa mkataba wa kimataifa, kwa shauri ambalo Tanzania ilikuwa miongoni mwa walioliomba mwaka 1989. Na sheria ya Uingereza ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika 2022, imekaza uuzaji hata wa vitu vya kale. Kwa hiyo kisu cha mpini huo kisitiwe katika mzigo wa mgeni arudiye Ulaya, wala kisipelekwe kwa posta kuwa zawadi kwa jamaa ya mmisionari, kabla ya kuuliza ofisi ya wanyamapori na kupata kibali kwa maandishi. Katika orodha kiandikwe wazi kuwa ni pembe, pamoja na urefu wake kikiwa kimekunjwa, hesabu ya kengee, na maneno yote ya msuka herufi kwa herufi, hata yale ambayo mwandishi hakuyaelewa.